Usifunike Ubao Uliooza

Jumapili hii naweka kando habari za meza na vitanda, kwa sababu barua moja kutoka Kawangware imenikosesha usingizi.

Aliyeiandika ni baba wa watoto watatu. Marehemu mjomba wake alikuwa mlinzi kwenye bwawa la Nairobi, lile lililo kando ya Kibera, na tajiri mmoja aliyekuwa akihama alimwachia mashua ndogo ya tanga. Kwa miaka mingi mashua hiyo imelala nyuma ya ploti ikinyeshewa. Sasa ndugu yetu anataka kuipeleka Naivasha likizo ya Agosti, awatembeze watoto. Anauliza: je, sitaha ikiwa imelegea, akipigilia plaiwudi mpya juu ya ile kuukuu, si itatosha?

La, ndugu yangu, haitatosha.

Vijana wengi wa Kibera hawatasadiki kwamba tanga zilipepea pale. Bwawa hilo lilijengwa 1953 ili wakazi wa mji wapate maji ya kunywa, na baadaye watu wakawa wakija kuendesha mashua. Lakini mto Motoine, unaoshuka kutoka upande wa Dagoretti na kupitia Kibera, ulileta takataka na maji machafu hadi bwawa likajaa tope na gugu-maji. Ukilitazama kwa mbali waona kijani kizuri, kumbe chini ni uvundo. Sitaha iliyofunikwa bila kukaguliwa ni vivyo hivyo.

Wengi hudhani maji ya bahari ndiyo yanayoozesha mbao. Kwa hakika mvua ni adui mkubwa zaidi. Maji yake hupenya kwenye tundu la msumari, yakakaa katikati ya mbao, na kuvu ikaanza kula. Ukiongeza plaiwudi juu, umeufungia unyevu ndani. Mashua itang'aa, lakini siku mtoto atakaposimama, mguu utapenya. Isitoshe, sitaha ndiyo inayoshika mbavu za mashua zisitanuke.

Basi fanya hivi. Kwanza, iweke mashua chini ya paa ikauke wiki kadhaa. Pili, gonga kila mahali kwa mpini wa nyundo, kisha dunga kwa bisibisi. Ubao mzima hulia. Uliooza hutoa sauti ya bubu na bisibisi huzama.

Tatu, kabla ya kung'oa sitaha, funga mbao mbili kutoka ubavu hadi ubavu ili mashua isipoteze umbo lake. Ing'oe polepole bila kuivunja, maana ndiyo kipimo cha kukatia mpya. Nne, kagua mihimili na mataruma. Palipooza pabadilishwe, moja baada ya jingine, si yote kwa mpigo.

Tano, usikubali plaiwudi ya dari. Chukua kipande kidogo ukichemshe saa moja. Kikifumuka, mrudishie mwenye duka. Paka rangi pande zote mbili na kingo kabla ya kufunga, na utumie skrubu za shaba. Misumari ya kawaida itashika kutu.

Mafundi stadi wa mbao hawakosekani Kawangware wala Kibera. Lakini fundi atakayekupa bei kabla ya kufungua sitaha, mwogope.

Na je, ukifungua ukute mkuku nao umeoza? Hapo, ndugu yangu, jikaze. Iache mashua hapo uani watoto waichezee, ukawaeleze ukweli. Wataununia uamuzi wako siku mbili, kisha watasahau. Ikiwa ni nzima, uliza KMA, mamlaka ya usafiri wa majini iliyoundwa 2004, kuhusu ukaguzi na leseni. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha, hata kama anajua kuogelea. Kumbuka pia kwamba ziwa lile lina viboko.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katikati ya ziwa, mpenzi msomaji, hakuna pa kujengea ukuta.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.