Tawakali ya Mvuvi wa Gitaza
Juma hili, magharibi ilipokuwa ikiingia, nilisimama ufukoni mwa Gitaza, katika tarafa ya Muhuta, nikamtazama mvuvi mmoja mzee ambaye, baada ya kuzikaza kamba za nyavu zake za ndagala na kuzijaribu taa zake moja baada ya moja, alivua kofia, akainamisha kichwa, akamwomba Mungu riziki na salama, ndipo akausukuma mtumbwi majini. Nyuma yake ilisimama milima ile ile ambayo mwezi wa Machi 2015 iliporomoka kwa mvua, ikaacha watu bila makazi na kuikata barabara ya Bujumbura na Rumonge. Na mbele yake lilitandaa ziwa la Tanganyika, ambalo miaka hii limepanda hata likazimeza nyumba za ukingoni. Mimi, niliyelelewa kwa neno kwamba Mungu hamtupi mja wake, zamani nilidhani maana yake ni kwamba mja hatafikwa na msiba. Kumbe Bwana Yesu hakuahidi kwamba shomoro haanguki, bali kwamba haanguki pasipo Baba kujua. Na kwa kuwa hatukuahidiwa kutoanguka, akazaye kamba kwanza, kama mzee yule, ndiye aombaye vyema. Kwa sababu hiyo hiyo, anayemwambia aliyebomokewa nyumba kuwa amepatwa na hayo kwa upungufu wa imani, huyo amemsingizia Mola na kumjeruhi jirani. Alfajiri nilimkuta mzee amerudi. Ndagala walikuwa haba, naye fungu la kwanza alikuwa amekwisha kumpelekea mjane wa jirani.