Kolo ina cheti, wageni wako Ngorongoro

Mimi Mrangi wa Kondoa sidanganyiki na vyeti. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza michoro yetu ya miambani kwenye Urithi wa Dunia, lakini magari ya watalii kutoka Arusha bado yanakata kona Makuyuni kwenda Ngorongoro. Lami ya Dodoma hadi Babati inapita Kolo penyewe, karibu na michoro hiyo, kwa hiyo barabara si kisingizio tena. Wenzetu wa Ngorongoro walivuma kwa wanyama. Cheti kiliwaongezea sifa tu. Sisi tuna twiga na watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na pango la Mungomi, ambako wazee hutambikia mvua hadi leo. (Simba hatuna pangoni, samahani.) Kampuni za utalii ziiweke Kolo kwenye ratiba, mgeni alale Kondoa mjini, ale ugali kwa mlenda, fedha ibaki hapa.