Nani Ana Ufunguo wa Stoo?

Hivi wajua ziliko tableti za shule ya mwanao?

Bila shaka unakumbuka kampeni za 2013, tulipoahidiwa kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata kipakatalishi. Zabuni ikazua mabishano hadi mahakamani, na vifaa vilipoanza kufika mwaka wa 2016 vilikuwa tableti. Zaidi ya milioni moja ziligawanywa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, pamoja na projekta na vipakatalishi vya walimu.

Majuzi nilizuru shule moja hapa jijini. Mwalimu mkuu, mzee mpole, alinifungulia stoo yenye kufuli mbili. Humo ndani, masanduku yamepangwa sawasawa, vumbi juu. Nilipomuuliza mbona watoto hawazitumii, alinijibu bila kuficha: moja ikipotea, yeye ndiye atakayeulizwa, zikikaa bure, hakuna amwulizaye.

Sikuwa na la kumjibu. Hebu jiweke mahali pake. Mali ya serikali imeletwa kwa lori, ametia sahihi, na hakuna aliyeketi naye kabla ya hapo, awe mwalimu wa darasa au mzazi, kukubaliana zitafundishia nini. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto walikaa nyumbani kwa miezi, na tableti nyingi zikabaki chini ya kufuli vivyo hivyo.

Jirani yangu, ambaye ni mwalimu, anasema kwao mambo ni tofauti. Mkuu wao aliwaita walimu na wazazi wakaketi alasiri nzima (na chai ilikuwepo, usidhani walikunywa maneno matupu). Wakaamua siku za kusoma hadithi kwa tableti, mwalimu wa kushika ufunguo, na kwamba ikivunjika kwa bahati mbaya hakuna atakayekatwa mshahara. Hilo la mwisho ndilo lililofungua stoo.

Sisi wazazi ni hodari wa kuuliza pesa za chakula na za masomo ya ziada. Basi katika mkutano wa muhula huu, mkifika kwenye mengineyo, inua mkono uulize habari ya ufunguo. Uliza kwa upole, maana huenda mwalimu mkuu amengoja miaka mingi aulizwe.