Mgeni wa Siku ya Tatu

Walimu wenzetu, sisi tunaofundisha methali hatuna budi kuuliza kama zina nguvu nje ya darasa. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo huchukuliwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Lakini inamfunga mwenyeji pia: aliyepewa jembe si mgeni tena.

Natuitazame Kabalagala, mjini Kampala. Wakongo, Waeritrea, Wahabeshi na watu wa Sudan Kusini wanaishi huko, wanauza, wanapika na kushona. Jembe wamekwisha kupewa: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Kwa hilo Uganda yastahili sifa.

Lakini mtoto aliyezaliwa Kabalagala na wazazi wakimbizi ni nani? Katiba ya mwaka 1995 inautoa uraia wa kuzaliwa kwa mtoto au mjukuu wa raia wa kuzaliwa, au kwa mzawa mwenye mzazi, babu au bibi wa jamii zilizokaa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, mipaka waliyoichora Waingereza. Ibara ya 12 inawafungulia mlango wa kuandikishwa waliozaliwa nchini na kuishi humo tangu tarehe 9 Oktoba 1962, kisha inamfungia yule ambaye mzazi, babu au bibi yake alikuwa mkimbizi. Basi ukimbizi umefanywa urithi. Mtoto hakuvuka mpaka wowote, wala hakumkimbia mtu yeyote. Kosa lake ni nasaba.

Tutaambiwa kuwa ardhi ni haba na kwamba taifa lazima lijilinde. Tunajibu kuwa dawa hiyo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1970 walifukuzwa wafanyakazi wa Kenya. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90. Mwaka 1982 Wanyarwanda walitimuliwa Ankole, na miongoni mwao walikuwamo raia. Je, baada ya hapo ni Mganda gani aliyeneemeka kwa haki? Duka lilibaki tupu, na hofu ikahamia kwa jirani.

Hatudai mipaka ifutwe. Tunadai sheria iitaje siku ya tatu: aliyezaliwa nchini akakulia humo, awe raia kwa haki, bila kuulizwa babu yake alikuwa wapi mwaka 1926. Hakuna mtu aliyechagua mahali pa kuzaliwa. Kumpa jembe na kumnyima mavuno si ukarimu, ni kumtumia.