Mwalimu Aliyeshika Miguu: Wito kwa Jumuiya za Shule Zetu za Kikristo



Januari shule zikifunguliwa, simameni dakika tano getini, iwe ni shule ya Walutheri kule Moshi, ya Wakatoliki Songea au ya Waanglikana Dodoma. Mtasikia neno moja likitoka vinywani mwa watoto bila kukoma. Shikamoo mwalimu. Shikamoo sista. Shikamoo babu, anaambiwa mlinzi. Kisha sikilizeni majibu. Yupo mkubwa anayesimama, akamtazama mtoto usoni na kusema, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Yupo anayejibu macho yakiwa kwenye simu. Na yupo anayepita kama hakusikia.

Wazee walitueleza kwamba shikamoo ni kushika miguu: mdogo anainama mbele ya mkubwa. Ni mila njema, na sitaki ipotee. Lakini sisi tulioziita shule zetu kwa majina ya watakatifu na kutundika msalaba juu ya ubao tuna habari ya usiku mmoja ambayo hatuwezi kuikwepa. Usiku ule Yesu aliinuka mezani, akavua vazi lake, akajifunga kitambaa kiunoni, akaishika miguu ya wanafunzi wake na kuiosha. Petro alikataa kwa sababu aliona mambo yamegeuka. Yesu hakuwaambia waache kumwita Mwalimu. Alikubali kuwa ndiye, kisha akawaonyesha kazi ya mwenye cheo hicho. Katika shule inayobeba jina lake, mtoto akishika miguu ya mwalimu kwa salamu, mwalimu naye ana miguu ya kushika.

Nayasema haya kwa upendo. Nimelala bweni la shule ya kanisa, na baadaye nimeshika chaki. Nilipoingia kidato cha kwanza tuliitwa njuka. Tuliwachotea wakubwa maji ya kuoga na kuwafulia sare, na usiku tuliamshwa tuimbe ili wao wacheke. Jumapili wakubwa hao hao walipanga mistari ya kwaya, wakaimba vizuri hasa. Hakuna aliyeona ajabu. Miaka mitatu baadaye nilimtuma njuka akaniletee ndoo ya maji, na mimi pia sikuona ajabu. Hilo linaniuma mpaka leo. Sikuwa mtoto mkatili. Nilikuwa nimeikuta desturi, nami nikaiendeleza.

Desturi hizo bado zipo, zimebadilisha nguo tu. Mwanafunzi anaitwa mbele ya paredi kwa sababu ada haijalipwa, wenzake mia tatu wakimtazama viatu. Deni hilo ni la watu wazima, na mtoto hana mfuko wa kulilipa. Mwalimu wa zamu anaongoza sala ya asubuhi, na kabla ya kengele ya uji kinywa hicho hicho kimeshamwita mtoto kichwa maji. Waraka wa Yakobo ulilishangaa jambo hili zamani sana, kwamba ulimi mmoja unamsifu Mungu na kuwalaani watu walioumbwa kwa mfano wake.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1864 Askofu William Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipofika Unguja, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Sokoni wangetajiwa bei. Shuleni waliitwa kwa majina. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Kule Bagamoyo, mwaka 1868, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu nao walianza na watoto waliokombolewa utumwani. Historia ya misheni ina madoa yake, na fimbo haikukosekana humo. Hata hivyo mbegu ilikuwa hiyo: mtoto asiye na thamani machoni pa watu alipokewa kama mwana wa nyumba. Tukimdhalilisha leo mtoto wa mama muuza mboga kwa sababu ya ada, tumeing'oa mbegu yenyewe.

Basi naomba mambo machache, na kila mmoja wetu achukue lake.

Wakuu wa shule na bodi, anzeni ninyi. Mwalimu anayefokewa mbele ya wanafunzi, au anayekaa miezi bila mshahara huku akihimizwa kujitolea kwa ajili ya Bwana, hubeba uchungu ule hadi darasani, na mtoto ndiye anayeulipia. Mambo ya ada yabaki kati ya mhasibu na mzazi, kwa simu, kwa barua au kwa kiti na meza. Na wiki ya kwanza ya muhula kila darasa lijifunze majina ya wapishi, walinzi, matroni na wafanya usafi. Anayepakuliwa maharage kila siku na mtu asiyemjua jina bado hajafundishwa heshima, hata kama mtihani wa dini amepata A.

Walimu wenzangu, najua madarasa yenu yamejaa na subira ina mwisho. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Jirani zetu Kenya wameviondoa shuleni kwa sheria. Nawasihi twende mbele kuliko kanuni inavyotudai. Mtoto aliyechelewa aulizwe kwanza kilichomchelewesha, huenda aliamka saa kumi kumwogesha mdogo wake. Aliyekosea arekebishe alichoharibu: akichana daftari la mwenzake, anunue jingine au alinakili upya. Adhabu ya namna hiyo inafundisha, na haimwachi mtoto na aibu ya kubeba hadi uzeeni.

Wazazi, jukwaa letu ni kundi la WhatsApp la darasa. Humo mwalimu anaitwa mwizi saa tatu usiku, na mtoto aliyeshika simu ya mama anasoma kila neno. Asubuhi tunamwambia akamheshimu mwalimu yule yule. Mathayo 18 imetupa utaratibu: mwendee ndugu yako peke yake kwanza, asiposikia nenda na mtu mwingine, kisha ndipo jambo lifike kwenye kusanyiko. Mpigie mwalimu, mwone, mkishindwana nendeni kwa mkuu wa shule.

Lakini hapa nisieleweke vibaya. Mtoto akiumizwa mwili au akiguswa visivyo, hilo si la kumalizwa kimyakimya ofisini kwa mchungaji ili jina la shule lisichafuke. Nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto. Upole unaomfunika mkosaji na kumwacha mtoto peke yake ni woga uliovaa kanzu.

Tuwakumbuke pia watoto wa Kiislamu waliomo mabwenini mwetu. Wazazi wao walituamini tukiwa na msalaba wetu ukutani, na imani hiyo ni amana. Mwezi wa Ramadhani watunziwe chakula cha futari na daku. Asiwepo wa kulicheka jina la mtoto wala mfungo wake. Hatuupunguzi Ukristo wetu kwa kufanya hivyo, tunautimiza.

Viranja, kaka mkuu na dada mkuu, kazi yenu ni nzuri kuliko mlivyoikuta. Jaribuni jambo moja muhula huu: bwaloni, viranja wapakuliwe mwisho. Kila anayeingia kidato cha kwanza apewe kaka au dada wa kumpokea, amwonyeshe bomba lilipo, amfundishe kutandika kitanda, akae naye usiku wa kwanza anapolia kwa kukumbuka nyumbani. Na neno njuka lisitumike tena kumtisha mtu. Mkiivunja desturi mwaka mmoja tu, wanaokuja hawataikuta.

Nimebakiza lililo gumu kuliko yote, nalo ni kumwomba mtoto radhi. Tumelelewa tukiamini kwamba mkubwa akimwangukia mdogo heshima imekwisha. Niliamini hivyo hadi mwaka nilipompa mvulana mmoja adhabu ya kufyeka uwanja wiki nzima kwa wizi wa kitabu cha hesabu. Ijumaa kitabu kilionekana kabatini, nyuma ya madaftari niliyoyapanga mwenyewe. Nilitamani ninyamaze. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikamwita jina lake, nikasema nilikosea na ninaomba anisamehe. Darasa lilinyamaza kimya. Yeye aliinama, akasema, "Yameisha, mwalimu," akakaa.

Nilidhani nimepoteza kitu siku ile. Kesho yake asubuhi alinikuta getini, akasimama, akanipa shikamoo kama siku zote. Nilikuwa nimeisikia maelfu ya mara nikiihesabu kuwa haki yangu. Asubuhi ile nilielewa kwamba alikuwa akinipa, na kwamba angeweza kuninyima.

Ndugu zangu, watoto wetu wameshatoa ya kwao. Kila asubuhi wanainama getini na kutupa heshima kabla hatujafanya lolote la kuistahili. Tusiipite. Tusimame, tuwatazame usoni, tuwaite majina yao, na marahaba yetu idumu tangu paredi mpaka taa za bweni zizimwe.