Alipwe Anayejifunza Kushona Kofia: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu kofia za viua zinazoshonwa kwa mkono, na ombi langu ni moja: Serikali imlipe anayejifunza kuzishona, na imlipe anayemfundisha.

Wengi wetu huzivaa Ijumaa na siku ya Idi bila kupata kukaa karibu na mshonaji. Kitambaa cheupe cha pamba huwekwa tabaka mbili, ua likachorwa kwa penseli, kisha kitundu kimoja kimoja hutobolewa kwa ncha nyembamba. Nyuzi za kitambaa hazikatwi, husukumwa kando, na ukingo huzungushiwa uzi, mshono ukibanana na mshono, mpaka kitundu kisimame mviringo. Kofia moja ina mamia ya vitundu hivyo. Uzi ukikazwa mno, kitambaa hujikunja. Ukilegea, kofia ikishafuliwa na kutiwa wanga, ua lote hupinda. Kipimo hicho hukaa vidoleni, na hupatikana kwa kushona, kufumua na kushona tena mbele ya anayejua.

Hapo ndipo penye tatizo. Kofia nzuri huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kwa kuwa mama hushona akishamaliza kazi za nyumbani. Kofia za mwanzo za mwanafunzi haziuziki. Msichana aliyemaliza skuli, na nyumbani wanamtazamia, hawezi kukaa muda wote huo bila senti. Simlaumu. Husikia watu wakisema vijana wa leo hawana subira, na nakataa kabisa. Vijana hao hao hukaa kutwa wakisuka nywele na kuchora hina, kazi za subira kweli kweli, kwa sababu jioni wanarudi na pesa. Tena madukani kofia ya mashine hupangwa pamoja na ya mkono, na mnunuzi asiyejua tofauti huchukua ya bei rahisi.

Tatizo kama hili wengine wamelipatia njia. Katika mji wa Alençon, Ufaransa, wako wanaoshona lesi kwa sindano tupu. Sentimita moja ya mraba huchukua kama saa 7, na fundi hufundishwa miaka 7 hadi 10. Soko peke yake lisingeweza kumlea mtu muda huo. Basi dola yao ikafungua karakana ya taifa mwaka 1976, na mafundi wake ni waajiriwa wa umma. UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2010, mishahara ikiwa imeshatangulia kwa miaka mingi.

Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi huo mwaka 2011, na Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Tumejifunza kulipia chokaa na boriti za nyumba zake. Mikono inayoshona kofia inastahili fungu pia. Wanunuzi hawako hapa tu: kumma inayovaliwa Oman ni ndugu wa kofia yetu, na Waomani wanaijua thamani ya kazi ya mkono.

Naomba Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iende Unguja na Pemba kuwatafuta washonaji, na ukumbi wa nyumba ya mshonaji ukubalike kuwa darasa, maana bibi mwenye wajukuu wa kulea hataweza kwenda kituoni kila asubuhi. Alipwe kama mwalimu, hata kama hana cheti chochote cha skuli. Mwanafunzi apewe posho ya kila mwezi mpaka kofia yake iuzike, na kofia hiyo ndiyo iwe mtihani wake. Kila kofia ya mkono itiwe alama ndani, mnunuzi ajue analipia nini.

Wengi wa wanaoweza kufundisha ni watu wazima, na macho yao yameanza kuchoka na sindano. Kwa hiyo naomba fungu hili liingie katika bajeti ijayo, hata kama ni kwa wanafunzi kumi wa kuanzia.

Naomba kuwasilisha.

Mvaaji wa kofia za mkono,
Unguja