Unyakuo, Dhiki Kuu na Karatasi Tunayotia Sahihi



Wiki iliyopita kijana mmoja anayetafuta leseni ya kuhubiri alinijia na fomu mkononi. Amejaza kila kitu, ila amekwama kwenye kipengele kimoja cha imani yetu: kwamba Kanisa litanyakuliwa kabla ya dhiki kuu. Akaniambia, "Pasta, nimesoma Mathayo 24 nimerudia, na sioni kabla. Naona baada. Nitie sahihi tu nipite?"

Nilimwambia asitie. Mtu akiingia huduma kwa sahihi ya uongo, kesho atasimama madhabahuni kuhubiri kweli gani? Aandike barua, aseme anachoamini na asichokuwa na hakika nacho, aiambatanishe na fomu, wazee waamue. Sasa wengine mmenipigia simu mkisema nimemharibia kijana wa watu. Acheni niseme wazi basi.

Sisi Wapentekoste tunapenda kusema hatuna kanuni za imani, tuna Biblia na Roho Mtakatifu. Mpendwa, fungua katiba ya kanisa lako, ile iliyopelekwa kwa msajili wa vyama. Utakuta mahali pameandikwa "Tunaamini". Hiyo ni kanuni ya imani, hata kama hatuiiti hivyo. Wenzetu wa Assemblies of God walipoanza Marekani mwaka 1914 hawakutaka kuandika kitu kama hicho. Kufikia 1916 walikuwa wameandika, maana mgogoro kuhusu Utatu ulikuwa umewafikia mlangoni.

Kwa hivyo mimi si mtu wa kudharau katiba. Nafundisha unyakuo kabla ya dhiki na sioni haya. Lakini tujue umri wa vitu tulivyobeba. Kanuni ya Nikea, ya mwaka 325 na kupanuliwa Konstantinopoli mwaka 381, inakiri kwamba Kristo atarudi kwa utukufu, atawahukumu walio hai na wafu, ufalme wake hautakoma, na wafu watafufuka. Basi. Miaka saba haimo. Miaka elfu haimo. Justin Martyr, katika karne ya 2, aliamini kabisa utawala wa miaka elfu, na bado akakubali kwamba kuna Wakristo wengi wacha Mungu wasioamini hivyo. Mpangilio wetu wa matukio ulienezwa na John Nelson Darby katika karne ya 19, kisha maelezo ya Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 yakaupeleka mbali. Fundisho likiwa changa si lazima liwe la uongo. Lakini usinifungulie ndugu yangu milango ya kuzimu kwa sababu hakubaliani na Darby!

Mtu ataniuliza, je, kila mmoja aamini lake? La. Soma 2 Timotheo 2:17-18. Paulo anawataja Himenayo na Fileto kwa majina, kwamba wameikosa kweli. Walisema nini? Kwamba ufufuo umeshapita. Hapo Paulo hakuita mjadala wa kirafiki, kwa sababu ukiondoa ufufuo umeng'oa nguzo, na imani za watu zilikuwa zinapinduka. Huo ndio mpaka wangu. Anayesema Yesu harudi, au wafu hawafufuki, huyo hatuwezi kumpa leseni hata akinena kwa lugha usiku kucha. Anayetofautiana nasi kuhusu kabla au baada, huyo anamngoja Bwana yule yule.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunabana pale pasipo na hatari na kulegeza penye hatari. Mwaka 2019, wakati wa Huduma Namba, simu yangu haikupumzika: "Pasta, hii si ndiyo alama ya mnyama?" Watu waliotoa tarehe na namba walisikilizwa, na hakuna aliyewaita mbele ya wazee. Kisha 2023 ikaja Shakahola. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, watoto wakiwemo, na mashtaka yanasema waumini waliambiwa wafunge hadi wafe wakamwone Yesu. Sijidanganyi kwamba karatasi ya imani ingewaokoa wote. Lakini muumini anayejua kwa moyo kile ambacho Kanisa limekiri miaka yote kuhusu kurudi kwa Bwana ana la kumuuliza mhubiri anayekuja na ufunuo mpya. Wetu wengi hawakijui. Wanajua chati ya dhiki kuu kuliko Imani ya Mitume.

Kuanzia Jumapili hii, kabla ya neno, tutasimama tuikiri Imani ya Mitume pamoja. Najua mama mmoja wa maombi ameshauliza kama tunarudi Anglikana. Mama, hapana, tulia.

Barua ya kijana imefika. Wazee wanakutana Jumamosi saa nne asubuhi, na kura yangu mmeshaijua. Mwombeeni.